Fahari ya Shela: Neno juu ya Namna Tunavyoisimulia



Ikiwa umepata kukaa barazani Amu baada ya sala ya Alasiri, kahawa ikizunguka na wazee wakiwa na nafasi ya kuzungumza, basi khabari ya vita vya Shela umekwisha kuisikia, na yamkini umeisikia zaidi ya mara moja. Huanza kwa kutajwa majeshi ya Mvita na Pate yaliyokuja kwa vyombo vingi kuuvamia mji mdogo. Hutajwa kisha uchache wa watu wa Amu, na jinsi walivyotoka kwenda kukutana nao mchangani. Halafu hutajwa bahari iliyokupwa na maadui wasiopata pa kukimbilia. Na mwisho hutajwa mifupa. Msimuliaji hunyosha mkono kuelekea vilima vya mchanga vya Shela akasema kwamba mifupa yao ilibaki pale ikipigwa na jua, na upepo ukivuma hata leo huifunua. Wasikilizaji hucheka au hutikisa vichwa kwa kuridhika, na kahawa ikamiminwa tena.

Nataka kuipima khabari hii katika makala haya. Siupimi mji wa Amu, kwani Amu ni mji wa elimu na dini, na wengi wetu katika mwambao tumekula chumvi yake kwa njia ya walimu wake. Ninachopima ni masimulizi yenyewe: yamejengwa kwa nini, yanataja nini na yanaficha nini, na yanamfundisha nini kijana anayeyasikiliza akiwa amekaa miguuni pa babu yake. Maana masimulizi ya barazani ni darasa, na mwenye kusomesha huulizwa alichosomesha.

Kwanza tuyaweke mambo mahali pake. Vita hivi vilipiganwa katika mwaka 1812 au 1813, waandishi wamehitilafiana. Wakati huo Mvita ilikuwa chini ya Mazrui, na liwali wao alikuwa Ahmed bin Muhammad, mtu aliyetawala miaka mingi na aliyefariki mwaka 1814. Pate ilikuwa chini ya Wanabahani, ufalme wa zamani uliokuwa umechoka kwa fitina za kurithiana, na kila mwenye kudai kiti alitafuta mtu wa nje wa kumshika mkono. Mazrui wakaingia kwa mlango huo. Pate ilikuwa na madai ya ubwana juu ya Amu tangu zamani, na Amu ilikuwa haitaki. Basi ilipopatana nguvu ya Mvita na dai la Pate, vyombo vikatwekwa, jeshi likashuka Shela, mwendo wa kama kilomita tatu kutoka mjini Amu. Waamu wakatoka wakapigana nao, wakawashinda ushindi ambao hakuna aliyeutazamia, wala hao waliokuja wala pengine wao wenyewe.

Hapo nasema wazi: waliotoka siku ile kuulinda mji wao walikuwa na haki. Mtu akijiwa nyumbani kwake kwa silaha, sharia haimwambii akae kitako asome nyiradi. Vitabu vyetu vya madhhab ya Imamu Shafi vina mlango kamili juu ya mshambulizi, na humo wanavyuoni wameeleza kwamba mtu ana ruhusa ya kujilinda nafsi yake, na watu wake, na mali yake. Na kila msomaji anaijua hadithi ya Waislamu wawili wanaokutana kwa panga zao. Sina haja ya kuinakili. Lakini wanavyuoni wamebainisha kwamba haimkusudii aliyedhulumiwa akajilinda. Kwa hiyo asije mtu wa Mvita akanisoma juu juu akasema sheikh amewahukumu Waamu. Ushujaa wa kundi dogo lisilokubali kutawaliwa kwa nguvu ni jambo la kusifiwa, na mji unaosahau watu wa namna hiyo haujui kushukuru.

Tatizo langu linaanzia baada ya hapo, na la kwanza ni hili la uganga.

Wako wanaosimulia kwamba ushindi ule ulipatikana kwa chungu cha shaba na upatu vilivyofanyiwa dawa na kuzikwa mchangani, na kwamba nguvu ya vitu hivyo ndiyo iliyowavunja adui. Nimewasikia watu wa heshima, wenye tasbihi mkononi, wakilisimulia hili kana kwamba ni fahari juu ya fahari. Ndugu zangu, tazameni mnachokifanya. Mnamtoa yule kijana wa Amu aliyesimama mchangani na jambia lake, moyo ukimdunda, akijua nyuma yake yuko mama yake na dada zake, mnamwambia kando! si wewe uliyeshinda, ni chungu. Mmemnyang'anya mtu ushujaa wake mkaupa shaba. Na lililo kubwa zaidi, mmeuondoa ushindi mikononi mwa Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala mkautia katika kazi ya mganga. Anayetaka kujifakharisha na mababu zake asianze kwa kuwavisha jambo ambalo wangelazimika kulitubia.

Wako wengine ambao wameona aibu ya chungu wakakimbilia upande wa pili, wakaifananisha Shela na Badri. Utasikia: walikuwa wachache kama watu wa Badri, wakanusuriwa kama watu wa Badri. Hili linasemwa kwa nia njema, na kwa hivyo ni la hatari zaidi. Watu wa Badri walikuwa mia tatu na kumi na kitu mbele ya kama elfu moja, hilo ni kweli; lakini utukufu wa Badri haukuwa katika hesabu. Walikuwa wametolewa makwao kwa sababu ya kusema Mola wao ni Mwenyezi Mungu, na waliosimama mbele yao ni washirikina waliokuja kuizima nuru hiyo. Shela ni nani aliyesimama mbele ya nani? Mtu wa Mvita na mtu wa Pate na mtu wa Amu walielekea kibla kimoja, wakasoma vitabu vya madhhab moja, wakasema lugha moja kwa lahaja zake, wakaoana na kuzikana. Yawezekana kabisa kwamba alfajiri ya siku ile adhana ilisomwa pande zote mbili. Kuichukua Badri ukaibandika juu ya vita vya Waislamu kwa Waislamu ni kumwambia mtoto kwamba shangazi yake wa Pate alizaliwa na Abu Jahli. Wachache kuwashinda wengi ni jambo linalotokea duniani kwa mwenye haki na kwa asiye na haki. Halitoshi peke yake kuwa dalili.

Sasa tuje mchangani penyewe, kwa sababu hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu.

Masimulizi ya Amu yenyewe, nayo ndiyo yanayojivuna, yanasema kwamba jeshi lililokuja lilivunjika, likageuka kukimbilia vyombo vyake, likakuta maji yamekupwa na vyombo vimelala mchangani havisogei. Hapo wakauawa kwa wingi. Ndio mahali ambapo msimuliaji hupaza sauti. Lakini mimi nakuomba msomaji usimame hapo hapo, usiende mbele bado, utazame. Watu hawa wamekwisha kushindwa. Wamekwisha kugeuza migongo. Wamefika kwenye jahazi, wanalisukuma na haliendi. Huyu ni mtu wa namna gani katika sharia? Je, bado ni mshambulizi?

Fungua mlango wa mshambulizi katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho madrasa zetu za mwambao zimekisomesha tangu zamani, utakuta kwamba kujilinda kuna daraja: mtu azuiwe kwa lililo jepesi kabla ya lililo zito, na pindi shari yake ikikoma ruhusa nayo hukoma. Fungua tena mlango wa bughati, yaani Waislamu waliowatokea Waislamu wenzao kwa silaha, utakuta kwamba anayekimbia hafuatwi akauawa, na aliyejeruhiwa hamalizwi, na mateka hauawi, na mali yao haiwi ngawira. Mwanachuoni atanisahihisha hapa aseme kwamba Amu haikuwa na imamu aliyeasiwa, na kwa hiyo mlango wa bughati hauingii sawasawa. Nakubali, wala sitaki kuutia kwa nguvu. Nasema tu kwamba ikiwa aliyeasi imamu wa haki anahifadhiwa hivyo anapokimbia, yule mtu wa Pate aliyeletwa na fitina za wakubwa wake hakustahili chini ya hapo.

Na msingi wa mlango huu si maneno ya vitabuni peke yake. Wanahistoria wa Kiislamu wamepokea kwamba Sayyidna Ali (R.A.), baada ya vita vya Jamali karibu na Basra mwaka 656 wa Miladia, aliwakataza watu wake kumfuata aliyekimbia na kummaliza aliyejeruhiwa, na kwamba aliwasalia maiti wa pande zote mbili, waliokuwa pamoja naye na waliokuwa dhidi yake, wakazikwa. Alishinda, na hakuna mpokezi aliyesema kwamba alicheka. Wanaosimulia khabari ile husimulia huzuni yake. Huo ndio mfano tuliokuwa nao mbele yetu kwa zaidi ya miaka elfu na mia moja kabla ya Shela.

Mtu ataniambia: sheikh, watu walio vitani hawana nafasi ya kufungua Minhaji. Kweli. Mkono uliokwisha kuwa moto hauzuiliki upesi, na mtu aliyemwona ndugu yake akianguka asubuhi haulizwi adhuhuri kana kwamba alikuwa amekaa kivulini. Kwa hiyo hao waliopigana nawaacha kwa Mola wao, naye ni mwingi wa kusamehe. Lakini sisi tunaosimulia hatuna udhuru huo. Sisi tumekaa. Kahawa iko mbele yetu. Hakuna aliyetuulia ndugu asubuhi hii. Sisi tunayo nafasi yote ya kukifungua kitabu, na bado tunakisimulia kile kipande cha mchangani kama ndicho kitamu kuliko vyote.

Na mifupa! Hapa kalamu yangu inakuwa nzito. Kumwosha maiti wa Kiislamu, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya juu ya walio karibu naye. Wakiitimiza baadhi yao imewaondokea wote, na wakiiacha wote wamepata dhambi wote. Sasa msikilize msimuliaji wetu: mifupa yao ilibaki miaka mingi mchangani bila kuzikwa. Anasema hivyo kwa kujivuna. Ikiwa maneno yake ni kweli, basi anajivunia faradhi iliyoachwa. Ikiwa si kweli, na huenda wengi wao walizikwa hapo hapo kwa haraka na mchanga ukahama kwa pepo za kusi na kaskazi kama ulivyo mwendo wa mchanga wa Shela, basi anawazulia mababu zake dhambi wasiyoitenda, na anaizua ili awasifu. Sijui katika lugha yetu sifa ya ajabu kuliko hiyo.

Ningependa mtu achukue jambo hili kwa uzito wa leo, si wa zamani tu. Vilima vile vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji matamu ambayo mji wa Amu unakunywa, na kwa miaka sasa pamekuwa na mvutano juu ya majumba yanayojengwa huko, kwani Shela imekuwa mahali pa wageni na mahoteli. Mtu anayechimba msingi akakuta mfupa wa binadamu afanye nini? Mwongoza wageni anayeuona upepo umefunua kitu afanye nini? Nimeona vijana wakiinama kuokota na kuonyesha, wageni wakipiga picha. Huyo si adui wa Amu anayepigwa picha, ni maiti wa Kiislamu, na heshima ya mfupa wake ni kama ya mfupa wa aliye hai, hivyo tumefundishwa. Apelekewe khabari imamu wa msikiti, mfupa usitiriwe kwa kitambaa safi na kuzikwa ndani kuliko pale ulipokuwa, na aliyehudhuria aombe maghufira. Haimpasi mtu kuuliza kwanza kama ni wa Pate au wa Amu. Baada ya miaka mia mbili hata ukiuliza, mfupa hauna lahaja.

Kuna dosari nyingine katika masimulizi haya, nayo ni ya kisanii zaidi, ingawa ina maadili ndani yake: khabari inakatwa mapema. Inaishia ufukweni. Lakini waliokuwapo hawakuishia ufukweni; walirudi mjini, wakalala, wakaamka kesho yake wakiwa na hofu. Mvita ingali ipo, Pate ingali ipo, na kisasi kinakuja. Basi washindi wa Shela walifanya nini? Walipeleka watu Maskati kumwomba Sayyid Said bin Sultan awape himaya. Sayyid Said wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, kiti chake mwenyewe bado hakijatulia, lakini alikuwa na jicho la mbali. Akakubali. Akaleta liwali na askari. Ile ngome kubwa iliyoko mjini Amu, karibu na gati, ilimalizika mnamo mwaka 1821 chini ya mkono wake.

Fuata sasa miaka. Mwaka 1822 nguvu yake ikafika Pate. Mazrui wakapoteza Pemba, wakajitia chini ya bendera ya Waingereza mwaka 1824 kwa mkono wa nahodha Owen, nayo ikaondolewa mwaka 1826. Mwaka 1837 Mvita ikaanguka, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa Ghuba ya Uajemi, na hawakurudi. Siyu ilishindana kwa miaka mingi chini ya Bwana Mataka, na hiyo ni khabari ya wachache wengine inayostahili makala yake. Kwa ufupi, mji uliopigana usitawaliwe na jirani ukamwita wa mbali, na katika miaka ishirini na mitano aliyeitwa akawa mtawala wa mwitaji, na wa Pate, na wa Mvita, wote watatu waliouana Shela. Silaumu Maskati, aliyeitwa huja. Wala sidai kwamba Amu ilikuwa na njia nyepesi nyingine. Huenda hofu yao ilikuwa ya haki. Lakini msimuliaji anayenyamaza hapa amemnyima kijana fundisho zima: kwamba miji ya Waislamu ilipokosa wa kuipatanisha, kila mmoja ulipata wa kuutawala.

Na hapa Sura ya Hujurati inatusomesha jambo ambalo sisi wenyeji wa mwambao tumelisoma sana na kulitenda kidogo. Inaamrisha makundi mawili ya waumini yakipigana yapatanishwe, na likidhulumu moja lipigwe mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu. Msomaji atazame hiyo mpaka. Vita vina ukomo, na baada ya ukomo inarejea amri ya kupatanisha kwa uadilifu. Kisha, aya moja tu ikipita, wanakatazwa watu kuwacheza shere watu wengine. Sioni kwamba mambo haya yamekaa karibu kwa bahati. Vita vikiisha hubaki kebehi, na kebehi ikiachwa hukaa mdomoni vizazi. Mtoto wa Amu aliyefundishwa kwamba Wapate ni watu waliokimbia na kukosa maji, huyo siku moja atakuwa mume wa binti wa Pate, na neno lile litatoka siku ya ugomvi. Mmepata kulisikia likitoka? Mimi nimeletewa wanandoa kusuluhishwa ambao ugomvi wao wa nauli na posho ulikuwa umeingiliwa na Shela.

Sitaki watu wa Mvita wasome hapa wakidhani wameachwa nje. Wao nao wana sehemu yao ya kupimwa, na sehemu hiyo ni nzuri ajabu, kwa sababu imo katika ushairi. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita aliyefariki mnamo mwaka 1840, alitunga juu ya vita vya zama zake, na vita vya Amu vimo. Mashairi yake yalikusanywa na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akayatolea kitabu chenye maelezo mapana. Sina mkono wa kumkosoa Muyaka katika ufundi. Kwa lugha ile sisi sote ni wanafunzi. Lakini namna tunavyomsomesha ina upungufu. Mwalimu humweleza mwanafunzi neno hili maana yake ni hivi, na mizani ni hivi, na vina ni hivi, akapita. Hamwambii kwamba maneno haya matamu yalikuwa upepo wa tanga, kwamba mshairi alikuwa ulimi wa mji wake na ulimi ule uliwatia watu hamasa ya kuingia vyomboni. Kuna vijana wa Mvita waliosikia mashairi ya hamasa wakapanda jahazi, na hawakurudi. Ushairi ni amali, na utapimwa pamoja na amali nyingine. Muyaka mwenyewe alikuwa na hekima nyingi juu ya dunia na kugeuka kwake, na anayemsoma kwa ukamilifu humwona mtu, sio tarumbeta. Basi tumsome kwa ukamilifu.

Kuhusu vitabu vya tarikh, msomaji anayetaka kujua asitosheke na upande mmoja. Iko Khabari ya Lamu iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy, iliyochapishwa mwaka 1938, na hii ni sauti ya Amu. Iko tarikh ya Pate iliyopokewa kwa Bwana Kitini wa ukoo wa Wanabahani, ambayo wageni kama Stigand na Alice Werner waliichapisha katika miaka ya 1913 hadi 1915, na hii ni sauti ya Pate. Kila moja ina jicho lake. Anayesoma ya Amu peke yake atamwona mtu wa Pate kama mgongo unaokimbia, na anayesoma ya Pate atawaona Waamu kama raia waliovunja ahadi. Ukiziweka mbili juu ya meza moja, usiku, taa ikiwa karibu, utaanza kuona kwamba watu hawa walikuwa wanajuana kwa majina. Hilo ndilo linalonisikitisha mimi kuliko hesabu ya waliokufa. Hawakuwa wageni kwa wageni.

Mzee mmoja wa Amu, msomi, niliyemtajia nia ya kuandika haya, alinijibu kwa upole: unataka tuwaambie watoto wetu nini basi, kwamba hatukuwa na mashujaa? Swali lake ni la haki na nililifikiri siku nyingi. Jibu langu ni kwamba masimulizi yabaki, na kwa fahari yake pia. Wasimuliwe waliotoka mjini wakiwa wachache, wakajua wanaweza kufa, wakatoka. Chungu kiachwe. Badri iachwe mahali pake. Khabari ikifika kwenye maji yaliyokupwa, sauti iteremke badala ya kupanda, kama inavyoteremka mtu anapopita mbele ya makaburi. Kisha ipande ngazi hadi ngomeni, kwa sababu jengo liko pale na mtoto anaweza kuligusa. Lilikuwa la askari wa Maskati, baadaye likawa gereza la serikali tangu mwaka 1910 hadi 1984, na baada ya hapo likawa makumbusho. Atauliza: babu, lilijengwa kwa ajili ya kumzuia nani? Na babu atalazimika kumjibu kwamba lilikuwa la kuwazuia watu wa Pate na Mvita, na kwamba mama yake babu alikuwa mtu wa Pate, ikiwa ndivyo. Na katika nyumba nyingi za Amu ndivyo.

Msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule wenye mnara mweupe unaoonekana na kila chombo kinachoingia, ulijengwa mwaka 1829. Vita vilikuwa vimepita miaka kumi na sita au kumi na saba tu. Waliousimamisha walikuwa na umri wa kukumbuka. Walijenga hatua chache kutoka mchanga ule ule, na tangu siku ile kila Ijumaa khatibu husimama hapo akawaombea maghufira waumini wote wanaume na wanawake, walio hai miongoni mwao na waliokufa, na maamuma wakaitikia amina, wala hakuna aliyepata kumwomba khatibu awatoe wale walioko nje mchangani.